Pasi yenye herufi J na watu walioisoma

Majumba kadhaa ya makumbusho duniani yamehifadhi pasi za Ujerumani zilizotolewa kwa Wayahudi mwaka 1938 na 1939. Ukiitazama moja kwa makini, kinachoshtua ni unadhifu wake. Juu ya ukurasa wa kwanza, upande wa kushoto, imegongwa herufi J nyekundu yenye urefu wa sentimita tatu hivi. Linafuata jina la mwenye pasi, na kati ya jina lake na la ukoo karani amepachika jina ambalo wazazi hawakumpa: Sara akiwa mwanamke, Israel akiwa mwanamume. Kurasa za ndani zina picha, kazi, mahali na tarehe ya kuzaliwa, umbo la uso, rangi ya macho, rangi ya nywele. Hakuna kilichosahauliwa. Kisheria ni hati halali, imetolewa na serikali inayotambuliwa, ina sahihi na ina muhuri.

Tukizungumzia mateso ya Wayahudi chini ya Hitler, kwa kawaida tunaanza na kambi na treni. Mimi naona tuanze na ile J, maana inatulazimisha kuuliza jambo ambalo kambi hazituulizi: iliwekwa ili isomwe na nani?

Polisi wa Ujerumani hawakuihitaji. Ndani ya nchi walikuwa na njia nyingine za kumtambua Myahudi. Amri ya 23 Julai 1938 iliwataka Wayahudi wa Ujerumani waombe kitambulisho maalumu kabla ya mwaka kwisha, chenye J kubwa, alama za vidole viwili vya shahada, na picha iliyopigwa kwa upande ili sikio la kushoto lionekane. Amri nyingine, ya 17 Agosti mwaka huohuo, ndiyo iliyoleta majina ya Sara na Israel, yaanze kutumika 1 Januari 1939. Mmoja wa wanasheria wa serikali walioiandika aliitwa Hans Globke, na huyu tutamrudia. Kwa hiyo mitaani Berlin au Hamburg, askari alikuwa na kitambulisho cha kudai. Pasi ni ya safari. Anayeifungua ni mgeni, kwenye mlango wa nchi nyingine. J nyekundu iligongwa kwa ajili ya ofisa wa jirani.

Na jirani alikuwa ameiulizia. Machi 1938 Ujerumani iliitwaa Austria, na Wayahudi wa Vienna wakaanza kukimbilia Uswisi kwa maelfu. Uswisi ikajibu kwa kudai viza kwa kila mwenye pasi ya Austria. Lakini pasi za Austria zilikuwa zikifutwa na watu kupewa za Ujerumani, na Mjerumani hakuhitaji viza kuingia Uswisi. Heinrich Rothmund, mkuu wa polisi wa wageni mjini Bern, aliliona tatizo mapema: pale mpakani, pasi ya Myahudi anayekimbia ingefanana na pasi ya Mjerumani anayekwenda likizo milimani. Uswisi ikatishia kuwawekea viza Wajerumani wote. Berlin haikutaka raia wake wengine wasumbuliwe, ikajitolea kuzitia alama pasi za Wayahudi peke yao. Rothmund mwenyewe alipendelea viza kwa wote. Serikali yake ikaona alama ni nafuu. Makubaliano yalitiwa sahihi 29 Septemba. Baraza la Shirikisho la Uswisi likayapitisha 4 Oktoba. Siku iliyofuata, 5 Oktoba 1938, Berlin ikatangaza kwamba pasi zote za Wayahudi wa Ujerumani zimebatilika, na kwamba zitakuwa halali tena zikishapelekwa kugongwa J. Sweden nayo ilikuwa imeibana Ujerumani kwa hoja hiyohiyo.

Nimezipanga tarehe hizo moja baada ya nyingine makusudi. Tumezoea kuuona muhuri ule kama kazi ya Wanazi peke yao, uovu wa upande mmoja wa mpaka. Ulikuwa mapatano kati ya serikali mbili, mojawapo ya kidemokrasia, yaliyofikiwa mezani kwa adabu zote za kidiplomasia.

Sasa fikiria J ilimwambia nini ofisa aliyeisoma. Haikusema kwamba mwenye pasi ni mwizi, wala kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza. Ilisema jambo moja: huyu ukimwacha aingie, hutakuwa na pa kumrudisha. Mtalii anakaribishwa kwa sababu ana kwao. Mkimbizi huyu alikataliwa kwa sababu kwao wameshamkana. Kilichomfanya ahitaji hifadhi ndicho kilichoandikwa kwa wino mwekundu ili anyimwe hifadhi hiyo, na sidhani kama katika historia ya vitambulisho kuna ukatili uliopangwa kwa utulivu kuliko huo.

Poland ilifanya hesabu ileile kwa njia yake. Sheria ya 31 Machi 1938 iliiruhusu kuwavua uraia Wapoland walioishi nje zaidi ya miaka mitano, na kila mtu alijua waliolengwa ni Wayahudi wa Ujerumani na Austria. Oktoba ikaongezwa amri: pasi zilizotolewa nje ya nchi zitakoma kufanya kazi mwishoni mwa mwezi kama ubalozi haujazigonga muhuri wa ukaguzi. Ujerumani haikusubiri. Kabla tarehe haijafika, polisi walikamata Wayahudi wa Kipoland wapatao 17,000 majumbani mwao, wakawapandisha treni na kuwasukumia mpakani. Maelfu walikwama katika mji mdogo wa Zbąszyń, Ujerumani nyuma na Poland mbele, pote pakiwa hapana mlango. Miongoni mwao ilikuwa familia ya Grynszpan kutoka Hannover. Mtoto wao Herschel, kijana wa miaka 17 aliyekuwa akiishi Paris bila kibali, alipopata habari alikwenda kwenye ubalozi wa Ujerumani akampiga risasi ofisa Ernst vom Rath. Hilo ndilo Wanazi walilolitumia kama kisingizio cha usiku wa 9 Novemba, masinagogi yalipochomwa nchi nzima.

Baada ya usiku ule kila aliyeweza kutoka alitaka kutoka, na hapo ndipo karatasi zilipoonyesha meno. Serikali iliyokuwa ikiwafukuza Wayahudi haikuwaacha waondoke hivihivi. Vienna, tangu Agosti 1938, Adolf Eichmann aliendesha ofisi ya uhamiaji katika jumba lililoporwa kutoka kwa familia ya Rothschild. Mtu aliingia upande mmoja akiwa na nyumba, duka na akiba benki. Akapita dirisha baada ya dirisha, kodi ya kuikimbia nchi hapa, hati ya kutodaiwa pale. Akatokea upande wa pili hana kitu, ameshika pasi, na ameambiwa aondoke katika muda wa wiki chache la sivyo atapelekwa kambini.

Pasi hiyo bila viza haikumfikisha popote. Aliyetaka kwenda Marekani alijaza fomu ya maombi nakala 5, akatafuta cheti cha kuzaliwa nakala 2, akatafuta wadhamini walioko Marekani walio tayari kuapa na kuonyesha kwa hati zao za kodi na benki kwamba hatakuwa mzigo kwa taifa, kisha akatakiwa kuleta cheti cha tabia njema. Kutoka kwa nani? Kutoka polisi wa Ujerumani. Aliyewahi kupanga foleni ya cheti hicho Nairobi au Dar es Salaam anajua adha yake hata pale ambapo polisi hawana ugomvi naye. Hapa mtu alitumwa kwenda kuomba ushahidi wa tabia yake kwa watu waliokuwa wakimwinda. Mgawo wa viza kwa Ujerumani na Austria kwa pamoja ulikuwa watu 27,370 kwa mwaka, na kabla ya 1939 hata huo haukuwahi kujazwa katika utawala wa Hitler. Kufikia katikati ya 1939, waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri walizidi 300,000.

Kila hati ilikuwa na siku yake ya kufa. Viza ya kuingia ilikwisha muda kabla tiketi ya meli haijapatikana. Viza ya kupita haikutolewa bila viza ya mwisho wa safari. Kibali cha kutoka kilitegemea vyote viwili, na kilipotoka, kimoja kati ya hivyo kilikuwa kimeshaoza. Walter Benjamin, mwandishi na mwanafalsafa wa Berlin, alifika Portbou mpakani mwa Hispania Septemba 1940 baada ya kuvuka milima ya Pyrenees kwa miguu akiwa na moyo mgonjwa. Alikuwa na viza ya Marekani. Alikuwa na viza za kupita Hispania na Ureno. Hakuwa na kibali cha kutoka Ufaransa. Walimwambia atarudishwa, naye akajiua usiku huo. Wenzake aliosafiri nao waliruhusiwa kupita muda mfupi baadaye.

Najua hoja itakayoletwa hapa, na si ya kupuuzwa. Nchi ina haki ya kujua nani anaingia. Miaka ile ya 1930 watu walikuwa hawana kazi kila mahali, na ofisa wa mpakani hakutunga sheria aliyoisimamia. Nchi 32 zilikutana Évian, Ufaransa, Julai 1938 kulijadili suala hili, na karibu zote zilieleza kwa masikitiko kwa nini haziwezi. Kama serikali 32 zilishindwa, karani mmoja angefanya nini?

Tunajua angefanya nini, kwa sababu wapo waliofanya. Paul Grüninger alikuwa kamanda wa polisi wa St. Gallen, mpakani mwa Uswisi na Austria. Nchi yake ilipofunga mpaka katikati ya Agosti 1938, alichukua kalamu akawaandikia waliofika baadaye kwamba waliingia kabla ya tarehe hiyo. Kosa lake lote lilikuwa ni tarehe. Aliwaokoa kwa mamia. Makadirio ya juu hufika 3,600.

Aristides de Sousa Mendes, ambaye katika miaka ya mwanzo ya kazi yake alikuwa konsuli wa Ureno Zanzibar, alikuwa Bordeaux wakati Ufaransa inaanguka Juni 1940. Waraka namba 14 wa serikali yake mjini Lisbon, wa Novemba 1939, ulikataza makonsuli kutoa viza bila idhini kwa wasio na uraia na kwa Wayahudi waliofukuzwa makwao. Watu walijaa kwenye ngazi za ofisi yake, wakalala hapo. Akaamua kwamba atampa viza kila anayeomba, akapiga muhuri siku baada ya siku mpaka alipoitwa arudi nyumbani.

Wa tatu ndiye ninayemfikiria zaidi. Jan Zwartendijk alikuwa mfanyabiashara, mwakilishi wa kampuni ya Philips nchini Lithuania, aliyeombwa ashikilie ukonsuli wa Uholanzi mjini Kaunas katikati ya mwaka 1940. Wakimbizi kutoka Poland walikuwa wamezingirwa, Wasovieti ndani na Wajerumani jirani. Kanuni ilisema kuingia Curaçao na Suriname, makoloni ya Uholanzi ng'ambo ya Atlantiki, hakuhitaji viza. Kinachohitajika ni ruhusa ya gavana wa huko. Zwartendijk aliiandika kwenye pasi zao nusu ya kwanza ya kanuni: viza haihitajiki. Nusu ya pili aliiacha. Hakuandika uongo hata neno moja. Kwa sentensi ile iliyokatwa katikati, wakimbizi walikuwa na mwisho wa safari, na mwenye mwisho wa safari anaweza kuomba viza ya kupita. Walikwenda kwa Chiune Sugihara, konsuli wa Japani mjini humohumo, ambaye aliwaandikia viza kwa mkono wake, maelfu mawili na ushei, bila idhini ya Tokyo. Wakavuka Siberia kwa treni hadi Vladivostok, kisha kwa meli hadi Japani. Curaçao hawakuwa na haja nayo.

Hao watatu walisoma hati zilezile walizosoma maofisa wengine wote. Maandishi yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba mfumo ndio ulioua, nakubali nusu. Mfumo ulipita mikononi mwa watu, na pale mtu alipokataa kuusoma kama ulivyoandikwa, familia nzima ilipona.

Lakini haikutosha mmoja aandike. Ilibidi mwingine akubali. Hilo lilionekana kwa uchungu katika kisa cha pasi za Paraguay. Mjini Bern, wanadiplomasia wa Poland chini ya balozi Aleksander Ładoś walinunua pasi tupu kutoka kwa konsuli wa heshima wa Paraguay, na Konstanty Rokicki akazijaza kwa mkono, jina kwa jina, kwa Wayahudi waliokuwa kwenye mageto, mitaa walimofungiwa, ya Poland iliyotekwa. Wajerumani walizikubali kwa muda, kwa tamaa ya kubadilishana wenye pasi na Wajerumani walioshikiliwa ng'ambo. Wakawaweka baadhi yao Vittel, mashariki ya Ufaransa, katika mahoteli yaliyozungushiwa seng'enge. Kila kitu kilitegemea jibu la serikali za Amerika ya Kusini na Kati: hawa ni wenu? Jibu lilichelewa, na Paraguay ikakana. Aprili na Mei 1944 wengi wa waliokuwa Vittel walipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz. Mshairi Itzhak Katzenelson, aliyekuwa na hati za Honduras, aliuawa huko na mwanawe. Paraguay nayo ilishinikizwa, ikaishia kuzitambua zile pasi.

Sisi wa pwani hii ya bahari tuna sehemu katika habari hizi, ingawa haifundishwi sana. Mamia ya Wayahudi wa Ujerumani na Austria walishuka Mombasa miaka ile, wakaingia Kenya. Vita vilipoanza Septemba 1939, Waingereza waliwakamata wanaume wao kama raia wa adui, kwa sababu pasi ilisema Ujerumani. J iliyoonyesha kwamba Ujerumani imewakana haikuwasaidia siku hiyo. Wengi waliachiwa baadaye. Miaka miwili mbele, 25 Novemba 1941, Berlin iliwavua uraia Wayahudi wote walioko nje ya nchi na kuchukua mali zao. Kusini zaidi, Mauritius, Waingereza walifungia katika gereza la Beau Bassin Wayahudi wapatao 1,580 waliofukuzwa Palestina kwa kukosa vibali, na wakawaweka huko kuanzia Desemba 1940 hadi Agosti 1945.

Na hao walioshuka Mombasa waliikuta Kenya ambamo mwanamume Mwafrika hakuruhusiwa kutembea bila kipande: karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya mwajiri, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Sisemi mateso hayo ni sawa. Nasema dola ile iliyompa mkimbizi hifadhi ilijua vizuri sana jinsi ya kumfanya mtu asomwe kabla hajafungua mdomo.

Jambo la mwisho linahusu vitambulisho bora, kwa sababu siku hizi tunaambiwa ubora ndio usalama. Uholanzi ilikuwa na daftari la wakazi lililopangwa vizuri kuliko karibu nchi yoyote ya Ulaya, na dini ya kila mtu imeandikwa humo, tangu wakati wa amani, kwa nia za kawaida za utawala. Mwaka 1941, nchi ikiwa mikononi mwa Wajerumani, mtumishi wa serikali Jacobus Lentz alikamilisha kitambulisho kigumu mno kughushi. Alijivunia kazi yake. Paris, kijana Adolfo Kaminsky aliweza kuufuta wino kwenye vitambulisho kwa asidi ya maziwa na kuwatengenezea watoto wa Kiyahudi majina mapya. Amsterdam ilibidi wapinzani wa Wajerumani wavamie ofisi ya daftari lenyewe, 27 Machi 1943, na kulitia moto, na 12 kati yao walipigwa risasi. Katika Wayahudi wapatao 140,000 wa Uholanzi, kiasi cha 102,000 waliuawa, robo tatu. Ufaransa waliouawa ni kama robo. Sababu ni nyingi, lakini daftari ni mojawapo. Lentz alifikiri anamwandikia karani mwenzake. Watawala wa Kibelgiji walioanza kuandika Hutu, Tutsi na Twa kwenye vitambulisho vya Rwanda miaka ya 1930 walikuwa nao wanapanga ofisi. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilidaiwa kwenye vizuizi vya barabarani na watu wenye mapanga. Kwa hiyo serikali zetu zinapotuletea mfumo mpya wa usajili na kuuliza kabila au dini, swali la kuwauliza ni kwa nini kisanduku hicho kipo, hata kama aliyeko madarakani leo hana nia mbaya.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 uliandikwa na watu waliokumbuka haya. Kifungu cha 31 kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali akitoka moja kwa moja kwenye hatari, na cha 28 kinaitaka nchi iliyompokea kihalali impe hati ya kusafiria. Tanzania iliridhia mwaka 1964, Kenya 1966. Bado kuna madirisha ambako mtu aliyekimbia nchi yake anaambiwa alete kwanza pasi kutoka ubalozi wa nchi hiyohiyo.

Nilisema tutamrudia Hans Globke. Baada ya vita alikuwa mkuu wa ofisi ya kansela wa Ujerumani Magharibi, kuanzia 1953 hadi 1963. Sousa Mendes aliadhibiwa na kuondolewa kazini, akafa maskini Lisbon mwaka 1954, na bunge la Ureno likamrudishia heshima yake 1988. Grüninger aliachishwa kazi 1939, akatiwa hatiani 1940 kwa kughushi, akaishi kwa kubangaiza hadi kifo chake 1972. Mei 1995 rais wa Uswisi, Kaspar Villiger, aliomba radhi kwa ile J. Mahakama ya St. Gallen iliifuta hukumu ya Grüninger Novemba mwaka huohuo.